Maji ya Mlima ni ya Nani?

Kila mwaka, masika yachelewapo, swali moja hurudi katika vijiji vya Kilimanjaro, tangu Machame hata Rombo, nalo halijapata jibu lililowaridhisha wote. Mtu aliye juu amefungulia maji katika migomba yake. Mtu aliye chini amengoja zamu yake tangu alfajiri, na mfereji u mkavu. Wa chini hupanda mlima kwenda kuuliza, na wa juu humjibu kwamba mfereji huu ulichimbwa na babu yake, je, babu yako wewe alikuwa wapi? Hapo maneno huwa makali, na pengine majembe huinuliwa kwa kazi isiyo ya shamba. Leo twapenda kulitazama swali hili, si kama hakimu atazamavyo shauri lililoletwa barazani, bali kama jamaa watazamavyo jambo la ukoo wao. Maji haya ni ya nani? Na aliye juu ana wajibu gani kwa aliye chini?

Msomaji wa Songea au wa Bukoba asidhani kwamba haya ni mambo ya Wachaga peke yao. Bara letu la Afrika lilipewa maji kwa mikono isiyolingana. Mto Kongo humwaga baharini maji mengi kuliko mto wowote duniani ila Amazon tu. Na katika bara hilo hilo lipo jangwa la Sahara, ambamo mtoto aweza kukua asijue mvua ya siku mbili mfululizo. Huku kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa ya nchi ni nyika, na mvua ya kutumainiwa huangukia milimani: Kilimanjaro, Meru, Kenya, Elgon, Ruwenzori, Usambara, Uluguru. Kwa hiyo karibu kila mahali watu wengi hunywa maji yaliyonyesha juu ya kichwa cha mtu mwingine. Ndivyo ilivyo kwa mkazi wa Dar es Salaam na mto Ruvu utokao Uluguru, na ndivyo ilivyo kwa mvuvi wa Pangani na mlima huu tunaousema.

Yafaa tueleze kwanza jinsi mlima unavyofanya kazi yake, maana watu wengi wanausifu wasiujue. Kilimanjaro ni mlima wa volkano wenye vilele vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, na Kibo hufika meta 5,895 juu ya bahari. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu, hukutana na ubavu wa kusini, hupanda, hupoa, na kuuacha mzigo wao katika msitu. Katikati ya msitu huo, upande wa kusini, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Shuka hata mjini Moshi, nayo haifiki 1,000. Shuka tena hata mashamba ya miwa ya TPC huko Arusha Chini, utakuta 500 hivi tu. Safari ya gari isiyozidi saa moja na nusu yamtoa mtu katika nchi ya ukungu hata nchi ya miiba. Nao ubavu wa kaskazini, uelekeao Kenya, hupata kidogo tu, kwa kuwa pepo hufika huko mikono mitupu.

Mvua hiyo haiendi yote mitoni. Udongo na mawe ya volkano yana matundu, na maji huzama, huenda chini kwa chini, kisha hutokea tena mbali katika chemchemi: Shiri, Njoro, Miwaleni, na ile ya Chemka ambayo maji yake ni mazuri mno hata wageni huenda kuogelea. Nayo mito ya juu, Weru Weru, Kikafu, Karanga, Rau, Mue, Himo, yote hushuka kuelekea bondeni, na mwisho maji yake huingia katika mto Pangani, na Pangani huenda baharini.

Hapa tuseme neno kuhusu theluji, kwa sababu theluji imewafumba watu macho. Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuandika habari zake, wako mabingwa wa jiografia wa Ulaya waliokataa kuamini. Leo dunia nzima yaamini, tena yaililia. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilienea kama kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 haikufika hata 2. Ni hasara, wala hatusemi si hasara. Lakini maji tunayokunywa hayatoki huko ila kwa sehemu ndogo sana. Yatoka msituni. Ni miti, na ndevu za miti, na majani ya misitu ya juu yanayonasa ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone, ndiyo yaijazayo mito. Mioto mikubwa ilipowaka katika nyanda za juu mwaka 2020, na tena mwaka 2022, madhara yake kwa wanywaji wa maji yalikuwa makubwa kuliko kuyeyuka kwa kipande cha barafu, lakini hatukusikia kilio kilicholingana nayo. Twaona hii ni tabia ya binadamu. Huhuzunikia kile kipigwacho picha, akasahau kile kimlishacho.

Sasa turudi kwenye mfereji. Wachaga waliita mfongo, na mifongo ilikuwapo mamia mlimani, kabla Mjerumani hajaja na kabla kahawa haijaletwa Kilema na mapadre wa Roho Mtakatifu. Wasafiri wa kwanza kutoka Ulaya waliostaajabia theluji walistaajabia vile vile mifereji hii, jinsi ilivyopita ukingoni mwa makorongo kwa mteremko mdogo, ikafikisha maji katika mgongo wa kilima ambapo mto wenyewe usingeweza kufika. Hakukuwa na chombo cha kupimia ila jicho na maji yenyewe. Mtu mmoja, au ukoo mmoja, alianzisha. Wengine wakajiunga kwa jembe zao. Kuanzia hapo sheria ilikuwa nyepesi kueleweka: afanyaye kazi ya mfereji hupewa zamu, na asiyefika siku ya kusafisha hutozwa. Maji ya kunywa hakunyimwa mtu. Maji ya usiku yalitunzwa bwawani ili yatumike mchana, kama Wapare wafanyavyo katika ndiva zao.

Tusiusifu mno utaratibu huo. Ulikuwa wa watu wa mtaa mmoja, na jirani wa mtaa wa pili aliweza kufa njaa asipate zamu. Kwa mila, mambo ya mfereji yalikuwa ya wanaume, ingawa waliotwika mitungi kichwani walikuwa wanawake na binti zao. Hata hivyo utaratibu ulikuwa na jambo moja lililo bora: haki na kazi zilitembea pamoja. Hakuna aliyekuwa na maji bila mikono yake kuwa na sugu.

Basi yule wa juu anaposema babu yangu alichimba, hasemi upuzi. Jasho la babu ni jasho. Mtu aliyeacha usingizi wake akapasua mwamba ana haki ambayo mtu aliyekaa kitako hana. Walakini haki hiyo ni juu ya kitu gani? Hapo ndipo yatupasa tuwe waangalifu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa, akatoa hoja juu ya ardhi ambayo twaona yafaa sana kwa maji. Alisema kwamba mtu akifyeka pori akalima, kile kilicho chake kwa haki ni ile kazi yake, yaani kufyeka na kulima. Ardhi yenyewe hakuiumba, wala hawezi kudai bei yake kama aliyeiumba. Tuipeleke hoja hiyo mferejini. Babu alichimba njia. Njia ni yake na ya wanawe. Lakini maji yaliyopita katika njia hiyo hakuyachimba. Yalikuwa yakienda chini kwa mtu mwingine kabla yeye hajazaliwa, naye ndiye aliyeyageuza.

Hoja hii si ngeni katika Kanisa. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha, miaka zaidi ya 700 iliyopita, kwamba ni halali mtu kuwa na mali na kuitawala, kwa kuwa kitu cha wote hutunzwa na hakuna. Lakini katika kuitumia, aihesabu kama ya wote, awe tayari kumshirikisha mwenye dhiki. Naye Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya kutunza nyumba yetu ya pamoja, aliyahesabu maji salama ya kunywa kuwa ni haki ya msingi ya kila mtu. Basi kutawala ni jambo moja, na kutumia ni jambo la pili. Wa juu ndiye mtawala wa lango la maji, hilo twamkubalia. Hatumkubalii kwamba lango likiwa mkononi mwake, mto nao umekuwa wake.

Na hapo baadhi ya wasomaji watasema, basi maji na yawe ya Serikali, na shauri limekwisha. Halijakwisha. Sheria ya mwaka 2009 ya usimamizi wa maji yasema kwamba maji yote ya nchi ni ya umma, na Rais ameyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Yasema pia kwamba matumizi ya nyumbani yatangulie, kisha yabaki maji ya kutosha mtoni kwa uhai wa viumbe, kisha ndipo yaje mashamba, viwanda na umeme. Huo ni mpango mzuri, na twautetea. Lakini mzee wa Uru au wa Marangu aliyeambiwa aombe kibali na kulipa ada kwa mfereji ulio mzee kuliko Serikali yenyewe, alikuwa na sababu ya kukunja uso. Mdhamini si mwenye mali. Mdhamini ni mtu aliyeshikishwa, naye hutoa hesabu. Ada ikilipwa, na mlipaji asione hata mti mmoja uliopandwa kwenye chanzo wala banio moja lililotengenezwa, ataona ametozwa kodi ya mvua. Tangu ofisi ya bonde la Pangani ilipoanzishwa mwaka 1991 kazi nyingi za kupima mito na kuunda jumuiya za watumia maji zimefanyika, na mahali pengine jumuiya hizo zimefaulu kupatanisha watu. Tunachotaka ni kwamba ada na kazi zitembee pamoja, kama zilivyotembea zamani.

Tena, yule wa chini ni nani? Wako Wakahe, ambao walikuwapo tambarare na mifereji yao tangu kale. Lakini wengi ni watoto wa yule wa juu! Kihamba hakinyooki kama mpira. Baba aligawa, babu aligawa, na mjukuu akabaki na migomba ishirini na kaburi la wazee. Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2022, na udongo haukuongezwa. Vijana waliteremka kutafuta mashamba barabarani na chini ya barabara. Kwa hiyo mtu afungapo maji kule juu wakati wa kiangazi, yamkini amemfungia mtoto wa nduguye. Naye hajui, maana mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mradi wa Lower Moshi watufundisha zaidi. Ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Wajapani, hekta 2,300 hivi chini ya mji, ili watu wa Mabogini, Chekereni, Rau ya Kati na Oria walime mpunga kwa maji ya mito Rau na Njoro. Mpunga ukastawi ajabu. Watu walio juu ya mabanio, nje ya mradi, wakauona mpunga huo, nao wakafungua mashamba yao na kugeuza maji kabla hayajafika kwa wenzao. Haukupita muda mrefu, na sehemu ya mradi ikakosa maji. Nani alikosa? Ni rahisi kusema waliogeuza maji. Lakini jiweke mahali pao: waona maji yakipita mbele ya mlango wako kwenda kumtajirisha mwingine, wewe umeambiwa tu kwamba jina lako halimo katika karatasi. Twaona kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mto waweza kugawanywa kwa kuwahesabu wale tu walio ndani ya ramani. Hilo haliwatakasi waliogeuza maji. Mtu mwenye njaa ana haki ya kula, hana haki ya kumng'oa mwenzake mche uliokwisha pandwa.

Tukishuka tena twafika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, ambapo mito ya Kikuletwa na Ruvu ya Kilimanjaro hukutana. Maji hayo huwasha taa. Huko chini viko vituo vya Hale na Maporomoko ya Pangani, na hicho kipya cha Pangani, chenye megawati 68, kilianza kazi mwaka 1995. Kwa hiyo mtu wa Tanga anapowasha taa asome, ametumia tone ambalo lingeweza kunywesha kahawa ya Kibosho. Na mwisho kabisa, mdomoni mwa mto, yuko mkulima wa minazi. Maji ya mto yanapopungua nguvu, maji ya bahari hupanda ndani, na chumvi huua minazi na visima. Mtu huyo hajapata kuuona mfongo hata siku moja. Hajui ni nani aliyefunga lango. Aona tu kwamba kisima cha baba yake kimekuwa chungu.

Wala maji hayakomi mpakani. Ubavu wa kaskazini huzilisha chemchemi za Loitokitok na mabwawa ya Amboseli, ambako tembo wa Kenya hunywa maji yaliyochujwa na mlima wa Tanzania. Na kutoka Nolturesh bomba hupeleka maji mbali mpaka Machakos. Mwaka 1962 Tanganyika ilikataa kufungwa na mkataba wa Nile wa mwaka 1929, ambao Mwingereza alikuwa ameuandika bila kutuuliza, na ulioipa Misri neno la mwisho. Tulikuwa na haki kukataa. Lakini hatuwezi kuwaambia Wamisri kwamba wa juu naye ana haki, kisha tukamwambia Mkenya, au Mpare, au mtu wa Pangani, kwamba wa chini hana.

Limebaki jambo moja zito, nalo ni msitu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu, ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao za kujengea, chini ya baraza lao wenyewe. Msitu, pamoja na ukanda huo, ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Sababu yajulikana: ukanda ulikuwa umekatwa vibaya. Sisi hatuwezi kuulaumu uamuzi wa kuokoa miti ambayo ndiyo maji yetu. Lakini mzigo uliangukia nani? Haukumwangukia mwenye hoteli mjini, wala mgeni apandaye Kibo kwa fedha nyingi, wala mwenye mpunga wa bondeni. Ulimwangukia mama wa kijiji cha juu, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe wake wa zizini na kuokota kuni kavu. Yeye ameambiwa auache msitu ili wengine wapate maji. Ni haki auache. Si haki auache bure. Ikiwa wa juu ana deni kwa wa chini la kuacha maji yapite, wa chini naye ana deni kwa wa juu la kumsaidia kutunza chanzo. Deni hili la pili halisemwi barazani, kwa kuwa wanaodaiwa ni wengi, tena ni watu wakubwa.

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Isaka na visima vyake. Watumishi wake walichimba kisima bondeni, wachungaji wa Gerari wakagombana nao wakidai maji ni yao. Akachimba cha pili, wakagombana tena. Akaondoka, akachimba cha tatu, na hapo hawakugombana. Wahubiri wengi husifu upole wa Isaka, na ni kweli alikuwa mpole. Lakini Isaka alikuwa na nchi ya kuhamia. Mtu wa Kilimanjaro hana kisima cha tatu. Juu yake ni hifadhi, chini yake ni miwa na mpunga wa wengine, kulia na kushoto ni kihamba cha jirani. Lazima agawane papo hapo alipo.

Na kugawana kwataka watu waonane. Mifereji mingi imekufa; mingine imejengewa kwa saruji, na maji hayavuji tena, jambo ambalo lampendeza mtu wa mwisho wa mfereji, ingawa baadhi ya yale yaliyokuwa yakivuja yalikuwa yakizama na kutokea kwa mtu mwingine chini zaidi. Hata saruji, basi, yahitaji shauri. Twapendekeza jambo dogo kwa jumuiya za watumia maji za mito yetu yote, si za Kilimanjaro tu. Kabla ya kiangazi kuanza, siku ya kusafisha mfereji, watu wa chini wapande mpaka kwenye banio na majembe yao, wanawake kwa wanaume, wafanye kazi pamoja na wa juu, na zamu zipangwe pale pale, mbele ya maji yenyewe, wote wakiyaona ni kiasi gani. Na mwaka unaofuata wa juu washuke, wakaione mimea ya wenzao, na mwisho wa mfereji ulipo.